Chupa Niliyoipeleka Mahakamani

Nilirudi kijijini kwetu Kipungani na diploma na mashine niliyoiunda mwenyewe ya kuondoa chumvi ya bahari. Siku ya kwanza ilitoa maji matamu, wasuka mikeka wa kijiji wakanunua hisa za mashine. Baadaye ikatoa maji ya chumvi tupu, wakanishtaki kwamba niliwadanganya. Hata mimi nilitamani kujua kilichoiharibu.

Mahakamani nikatoa chupa ya maji ya siku ile ya kwanza, ushahidi wangu. Mlalamikaji, Bi Zuhura, akaomba kuonja.

“Bwana, haya ni ya kisima cha Shela. Nimekua nikiyanywa maji haya.”

Nikacheka. Hakimu akaniuliza, “Kabla ya maji ya bahari, uliijaza nini?”

“Maji ya kisima, mheshimiwa, nione kama inavuja.”

“Ukayamwaga?”

Ndipo nilipokumbuka kwamba sikuyamwaga.