Gitau Asikilizishwa Injini
Athman, fundi wa magari wa mtaa wa Barani, alipowasha gari la mteja asubuhi, cheni ya injini iligongagonga sekunde kadhaa, kisha ikatulia. Sababu aliijua, lakini alimpigia simu Gitau, aliyefanya kazi naye kwa miaka kumi na minne, aliyerudi kwao Nyeri kumuuguza mamake.

"Hebu sikiza mlio huu." Akaizima injini na kuiwasha tena; cheni ikagonga vilevile, kisha ikatulia.

"Presha ya oili inachelewa kupanda," alisema Gitau. "Kikaza cheni hakipati nguvu mpaka oili ikijaze. Pima presha kwanza, usikimbilie kununua kikaza kipya. Lakini Athman, si wewe uliyenifundisha haya?"

"Ni mimi." Athman aliegemea gari. "Gereji imepwaya bila wewe, ndugu yangu."

"Usiizime injini kwanza," akasema Gitau. "Niache niisikilize."

Athman akaisogeza simu karibu na injini.