Mama Aliyetafuta Pa Kulala Nairobi

Tangazo lilisomwa redioni mchana, saa ya matangazo ya vifo, nami nilikuwa na tonge la ugali mkononi. Msomaji wangu anaujua mtindo wa matangazo hayo. Marehemu alitajwa kwanza kuwa mke wa bwana fulani, aliyekuwa afisa wa serikali. Kisha akawa shemeji wa mwenyekiti wa halmashauri ya shule, shemeji wa mkulima mashuhuri wa miwa, shemeji wa mwalimu mstaafu. Mashemeji walipokwisha na vyeo vyao ndipo akawa mama wa mabinti wawili walioolewa na wanaoishi Nairobi. Hakuna aliyekumbuka kusema kwamba alikuwa fundi cherehani, wala kwamba watoto wengi wa mji huu wa Kakamega waliingia darasa la kwanza wamevaa kaptura na marinda aliyoyashona yeye, yenye pindo refu la kufumuliwa mtoto akikua. Mwishoni msomaji wa tangazo alisema mazishi yatafanyika nyumbani kwake, upande wa Mukumu. Niliposikia maneno hayo, nyumbani kwake, nililirudisha tonge sahanini.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Duka lake lilipakana na meza ya muuza magazeti wangu, na siku ambayo safu hii hutoka alikuwa akiazima nakala, anaisoma amesimama, miwani puani na sindano mdomoni, kisha anairudisha bila kulipa. Nikipita alikuwa akinihukumu. "Mwandishi," aliwahi kuniambia, "wewe unazungukanga sana. Ungekuwa unashona, watoto wangeenda shule uchi." Nilizoea kumjibu kwamba kitambaa chake hakibishi kama wasomaji wangu. Ndivyo tulivyofahamiana, kwa utani wa mlangoni, mpaka siku niliyoukuta mlango umefungwa, na muuza magazeti akaniambia fundi amepelekwa hospitali.

Alikuwa na saratani ya titi. Hospitali ya misheni ilimwambia ukweli bila kumzungusha: tiba ya mionzi haipo huku kwetu, aende Nairobi, na si mara moja, bali aende na kurudi kwa muda mrefu. Ana mabinti wawili huko, watu wakasema, ana bahati. Waliosema hivyo ama si wa huku au walijisahaulisha. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka cha kuangalia. Sicheki mila hii. Mimi mwenyewe nina mkwe, na nikimwona mjini namvukia barabara kwa heshima zote. Lakini iangalie mila hiyo ndani ya fleti ya Nairobi, yenye choo kimoja na ukumbi mwembamba ambamo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Mabinti wote wawili walikuwa na kitanda cha mgeni, na mama yao hakuweza kukilalia hata kimoja.

Basi akalala gesti. Ilikuwa moja ya zile za karibu na steji ya mabasi, baa chini na vyumba juu, ambako muziki hauzimwi na milango hugongwa na watu waliokosea chumba, au ambao hawakukosea. Aliniambia alikuwa akilala na viatu miguuni na mkoba chini ya mgongo. Ngozi iliyochomwa na mionzi haitaki kuguswa hata na shuka, na shuka za pale nadhani msomaji anaweza kuzikisia. Mara nyingine alishindwa kabisa, akatoka kwenye tiba moja kwa moja hadi kwenye basi la usiku, akafika Kakamega asubuhi uso umevimba, akafungua duka. Daktari alimwonya kwamba mwili wake ulihitaji kupumzika karibu na hospitali baada ya kila tiba. Ndipo lilipozaliwa wazo lake, na lilikuwa wazo dogo tu: anunue vyumba viwili Nairobi, vya kwake mwenyewe, akae huko siku za tiba na siku nyingine awe huku dukani. Uwezo alikuwa nao. Alikuwa ameweka akiba ya cherehani maisha yake yote, na katika shamba la miwa alikuwa na sehemu yake.

Kwa kuwa mimi huenda Nairobi kuonana na mhariri, aliniomba nimsindikize akaone nyumba moja iliyokuwa ikiuzwa upande wa mashariki mwa jiji. Sitaisahau siku ile. Chumba cha ndani kilikuwa kitupu, sakafu ya saruji, dirisha linalotazama kamba za nguo za majirani. Mlinzi wa jengo alianza kutueleza habari za mabomba na maji. Mama hakumsikiliza. Alilivua koti lake, akalikunja, akaliweka chini, akajilaza sakafuni chali, kichwa juu ya koti, akafumba macho. Mlinzi alidhani amezimia na akakimbilia maji. Mimi pia nilishtuka. Alikaa vile, kisha taratibu akageuka ubavu, ule usiokuwa na kidonda, akakunja magoti kama mtu aliye kitandani kwake. Alipofumbua macho alikuwa akitabasamu.

"Hapa sisikii mtu," alisema. "Chumba ni cha kulala, mwandishi. Si cha kuangalia."

Msomaji atauliza mbona hakununua siku ileile. Nami nilimuuliza, tukiwa kwenye kibanda cha chai nje ya jengo. Alisema akinunua peke yake, watu watasema ana boma lingine huko, na yeye lawama hiyo angeweza kuimeza. Asichoweza kumeza ni kwamba wangewageukia mabinti zake, waseme wasichana wamemhamisha mama yao, wamekula akiba ya boma, na siku atakapokufa wasichana wale wasikaribishwe hata kwenye mazishi. Alitaka jambo lile lipite kwa mumewe. Na mumewe, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, alisema lipite kwa ndugu zake. Na ndugu zake wakasema wasubiri Desemba, watu wote wakija nyumbani. Ugonjwa ulikuwa haujui Desemba ni lini, lakini ulisubirishwa.

Kikao hicho nilialikwa, kwa ombi la mama, ili nieleze nyumba niliyoiona. Tulikaa nje ya nyumba yake ya zamani, ya udongo iliyopakwa chokaa, safi kama zilivyokuwa nguo zake. Tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na kuku wawili, tukaomba kwa kirefu. Nilieleza chumba, dirisha na ukimya. Wakanishukuru kwa adabu kubwa, kisha mzee wa familia, kaka mkubwa wa mumewe, akasema mwandishi amefanya kazi nzuri na sasa awaachie watu wa boma mambo ya boma. Sikuondoka. Mzee akamgeukia mama.

"Shemeji, hakuna mtu amekukataza dawa. Lakini nyumba yako ya hapa ni hii ya udongo, tangu uolewe. Utanunuaje ya Nairobi kama hapa huna ya matofali? Ukifia huko, tutakuleta tukuweke wapi? Watu watakuja waone nini?"

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Alijibu bila kuinuka.

"Shemeji, mimi sijauliza mahali pa kuwekwa. Nimeuliza mahali pa kulala."

Mimi, mjinga wa maneno mazuri, nikadhani ameshinda. Hakushinda. Ndugu mmoja alikohoa, mwingine akasema mambo ya Nairobi ni ya watu wasiorudi. Macho yote yakaenda kwa mume. Alitazama viganja vyake kwa muda, kisha akasema wataanza na nyumba ya hapa, ya matofali, ikiisha wataangalia ya Nairobi. Alisema "tutaangalia". Mama alikubali. Nilimwona akikubali, kwa kichwa tu, na wanawake wakapiga vigelegele kwa sababu boma limepata nyumba ya kudumu.

Nijuavyo mimi, hakuna kitu chenye njaa kama nyumba inayojengwa. Walianza na vyumba vitatu, vikawa vitano. Sebule ilipanuliwa mara mafundi walipokwisha kuchimba msingi wake, kwa sababu mzee wa familia alisimama katikati yake, akanyoosha mikono, akasema haitoshi. Haitoshi kwa nini hakusema, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mtu alijua anapima nini. Malipo ya miwa yalichelewa kama kawaida yake, ujenzi ukasimama, akiba ya cherehani ikaitwa kuunyanyua. Wakati huo mama alikuwa bado akilala gesti. Kisha akaanza kuruka siku za tiba. Nikimuuliza mlangoni pa duka, alisema mafundi wako nyumbani na wanahitaji kupikiwa, au kwamba ataenda wiki ijayo, au kwamba akiifikiria ile gesti tu anatapika kabla ya dawa kumtapisha. Siku moja aliniambia, akipima kola ya mtoto, "Ngoja iishe, mwandishi. Ikiisha nitaenda kulala." Nilifikiri anamaanisha Nairobi.

Nina hasira, na sioni haya kuiandika. Nimewatazama wale wazee mmoja mmoja. Kila mmoja wao ana nyumba Nairobi na hajawahi kununua hata kitasa. Ana mtoto wa kiume huko. Mzee wa familia alipotaka kupasuliwa jicho alikaa kwa mwanawe miezi, akapikiwa uji na mkaza mwana, akarudi amenenepa, na hakuna aliyeitisha kikao kuuliza kama amehama boma. Nyumba ya mwana ni ya baba, ndivyo tunavyoamini, iwe Kakamega au Nairobi. Aliyezaa wasichana tu ndiye anayepaswa kuinunua haki hiyo, na akitaka kuinunua anaambiwa ana tamaa ya jiji. Tunasema siku hizi kwamba msichana na mvulana ni sawa. Tunawasomesha wote, na mabinti wa mama huyu walisoma kuwashinda wana wa wale wazee wote. Usawa wetu huishia hapo mlangoni, mama akifika na mkoba wake akihitaji kitanda.

Sisemi chumba kile kingemponya. Daktari hakumwahidi kupona, wala mimi siwezi kumwahidi sasa. Nasema angelala. Angetoka kwenye mionzi akafunga mlango wake kwa ufunguo wake, mabinti wakamletea supu jioni, na asingekuwa na sababu ya kuikimbia tiba. Labda angeishi kidogo tu zaidi. Hicho kidogo kilikuwa chake, na tukakitia kwenye matofali.

Nyumba ilipakwa rangi wiki aliyofariki. Harufu ya rangi ilikuwa bado mbichi nilipofika mazishini, na mafundi walikuwa wamefanya haraka mpaka wakaacha matone kwenye vioo. Mama alikuwa amelazwa sebuleni, na ni kweli, sebule ilitosha. Jeneza lilikaa katikati, watu wakalizunguka safu mbili bila kusukumana. Hakuwahi kulala katika nyumba ile akiwa hai, kitanda chake kilikuwa bado kule kwenye ya udongo. Mume alikaa kando ya jeneza akitazama viganja vyake. Mzee wa familia aliposimama kuzungumza alisema boma halikumwaibisha shemeji yao, limempa heshima yake, na kila aliyekuja amejionea. Watu walipiga makofi. Mabinti wawili walikuwa wamekaa chini, vichwa vimefungwa leso, na yule mdogo aliinuka akatoka nje.

Mimi pia nilitoka. Hema la wakwe lilikuwa limesimamishwa mbali na nyumba, nyuma ya ua, kama mila inavyotaka, na huko nikamkuta mume wa binti mkubwa, kijana wa benki aliyevaa tai nyeusi, amekaa peke yake. Aliniuliza kama ni mimi niliyekwenda na mama kuona nyumba. Nikamwambia ndiyo. Akasema alimtumia mama ujumbe kupitia mkewe, kwamba aje alale kwao siku zote za tiba, yeye atahamia kwa rafiki yake wasionane hata kivuli.

"Alikataa," alisema. "Alisema, watu watasema nini."

Kundi la wageni lilipita nyuma ya hema likitoka sebuleni, likizungumzia dari na upana wa madirisha. Kijana alilisikiliza mpaka likapita, kisha akaniuliza, "Sasa wamesema nini?"

Nikamwambia, "Wamesema nyumba ni nzuri."

Basi, msomaji wangu, nami leo nisizunguke, kwa heshima ya mtu aliyekuwa akinikanya. Ukiwa na mgonjwa anayeomba pa kulala, usimwitie kikao na usimpimie sebule. Mpe kitanda, popote kilipo, wakati bado anaweza kugeuka ubavu.