Disketi Namba Nne

Hadi leo nikimwona mtu wa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, aliyekuwepo siku ile, navuka barabara. Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwao.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaanguka Likasi, viwanda vimenyamaza, na sisi watu saba tumeshikilia wazimu wetu mmoja: mfumo wa kompyuta wa bure, ambao Papa Ramazani, dereva wa lori na mkubwa wetu, aliletewa na nduguye kutoka Ubelgiji kwenye disketi saba. Mashine ilikuwa moja. Kila mtu alitunza disketi moja kwake, ili asiwepo wa kuanza bila wenzake (na mwizi akiingia kwa mmoja, asitumalize wote), na kubadilisha chochote ilibidi tukubaliane kwanza.

Mimi nilitaka mfumo utusemeshe Kiswahili. Wenzangu wakasema ngoja, kwanza tuujue. Nikanuna, nikajiona ndiye kichwa, na siku niliyoachiwa mashine peke yangu nikafuta disketi yangu, namba nne, nikaweka humo ya kwangu ya Kiswahili niliyoitengeneza, nisimwambie mtu.

Jumapili baada ya misa akaja Mama Véronique, mkuu wa foyer, kituo cha kufundishia wasichana ushonaji, pamoja na wanafunzi wake. Alikuwa ameahidi: mfumo ukiingia kwenye mashine mbele yake, atatupa chumba na jenereta. Usipoingia, basi, kundi limekufa. Nami nimevaa tai! Ikaingia ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikatoa yangu kwa madaha kama bwana harusi, mashine ikakwaruza, ikagoma. Nikarudia. Wapi! Jasho likanitoka, msichana mmoja akacheka, wakacheka wote.

"Papa, miye njo niliiharibu," nikasema, macho kwenye viatu.

Papa Ramazani hakufoka. Akachomoa disketi kwenye mfuko wa kanzu.

"Tulipata moya tu ya ziada, tukafanya kopi ya namba yako. Weye tunakujua."

Kicheko kile nadhani kilifika mji wa jirani, Kambove. Lakini mfumo uliingia, chumba tukapewa.

Wiki iliyofuata nilijua nafukuzwa. Papa Ramazani akanivutia kiti: "Haya, soma ile Kiswahili yako, tuangalie pamoja."

Tangu hapo sigusi cha wengi peke yangu, hata chumvi ya mchuzi nyumbani nauliza kwanza. Nawashukuru wale sita: walinijua vizuri kiasi kile, na bado waliniwekea kiti.