Mizigo Yangu Haikutoka Bwenini

Siku ya kwanza bwenini nilimbusu mkono msimamizi, na kuanzia hapo nikawa kichekesho cha ghorofa nzima. Wala sikufikiri. Kwetu Jeddah, katika nyumba za watu wa Unguja, mtoto akimkuta mtu mzima anaupokea mkono wake, anaubusu, anatoa shikamoo, ndipo anapoulizwa habari. Tunafanya hivyo hata kwa watu tusiowapenda. Basi yule mama aliponyoosha mkono anipe ufunguo wa chumba, mie nikaukamata nikaubusu.

Akaurudisha upesi, akaufuta kwenye abaya yake. "Hapa mkono haubusiwi," akaniambia kwa Kiarabu kizito cha Riyadh. "Kambusu mama yako kichwa."

Wasichana waliopanga foleni nyuma yangu wakacheka. Mmoja akauliza kama nimeletwa na mabosi wangu nije niwafulie. Niligeuka nikamwambia nimekuja kusoma, na kama ana nguo chafu basi ana mikono miwili. Wakacheka tena, ila safari hii aliyechekwa hakuwa mimi.

Baba alikuwa amesimama nje ya lango wakati wote huo, maana mwanamume haruhusiwi kupita pale, awe baba, awe nani. Nilirudi kumuaga. Akanipa sharti lake tukiwa tumetenganishwa na vyuma: kila Alhamisi jioni niende kwa shangazi yangu, dada yake yeye, anayekaa mtaa wa Malaz, hapo hapo Riyadh, na nisirudi bwenini mpaka Jumamosi jioni. "Nikisikia umeruka Alhamisi moja," akasema, "nakuja kukuchukua, wewe na mizigo yako." Nikambusu mkono nikamwambia ndiyo, baba.

Wakati ule ningekubali hata kulala juu ya paa. Nilitaka ufamasia, na Jeddah nilikuwa nimekosa nafasi. Riyadh walinipokea, lakini mwaka wa kwanza sote tulichanganywa pamoja, na alama za muhula wa kwanza ndizo zilizokuwa zikichuja nani aende kwenye mambo ya dawa na nani asukumwe kwingine. Kurudishwa Jeddah katikati ya muhula maana yake ilikuwa moja tu, kukaa nyumbani na kungoja mtu aje kuniposa. Sikuwa na habari na mtu huyo.

Wasichana wa bweni walikuwa na swali lao. "Wa wapi wewe?" Jeddah. "Jeddah ya wapi?" Nilijua wanachokitafuta. Babu aliteremka Jeddah baada ya mapinduzi ya Unguja, akapanga chumba Karantina, na baba kazaliwa huko huko, katika mtaa wa Waafrika wenye vibarua na mishahara ya taabu. Sasa tunakaa kwengine, ila harusi zetu na misiba yetu ingali kule. Ningeweza kutaja mtaa wetu wa sasa, wakaridhika wakaniacha. Nikasema Karantina. Kila aliyeuliza nilimwambia Karantina, nikamkazia macho mpaka yeye mwenyewe akatafuta la kuangalia.

Chumbani nilikuwa na msichana wa Hail, mji wa kaskazini, mwembamba, wa maneno machache na yote makali. Siku ya pili aliniambia nina kiburi. Nikamwambia hata yeye anacho. Baada ya hapo tukaelewana vizuri, tukagawana friji na rafu za vitabu bila ugomvi.

Masomo ndiyo yaliyonitoa jasho. Skuli nilikuwa wa mbele, lakini skuli nilisoma kwa Kiarabu, na nyumbani ni Kiswahili tupu. Hapa kemia ilikuja kwa Kiingereza, na mwalimu alikuwa akisema kama mtu anayewahi ndege. Nilikuwa nikiandika neno la kwanza, yeye keshafika la kumi. Nilihitaji muda wa kukaa na kitabu kwa utulivu, na muda huo ulikuwa mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki ulikuwa wa shangazi.

Shangazi si mtu mbaya, na huniudhi watu wakidhani namsema hivyo. Mjane, kalea watoto wake kwa mikono yake, akipika kwa oda: sambusa, visheti, mkate wa kumimina, biriani za Ijumaa. Waswahili wa Malaz walikuwa wakila kwake, na Wakenya wa maofisini walimtumia dereva. Ila kwetu msichana akienda kwa shangazi yake haendi kama mgeni. Anavua abaya mlangoni, anaingia jikoni. Hakuna anayemwambia. Akikaa ukumbini watu watamuuliza kama anaumwa.

Kwa hiyo nilikuwa nikiingia jikoni. Kila Alhamisi nilibeba kitabu cha kemia, na kila Jumamosi kilirudi kama kilivyokwenda, isipokuwa mara moja kiliporudi na mafuta kwenye jalada. Nilikunja sambusa mpaka vidole vikawa vinakunja vyenyewe. Shangazi alikuwa akinisifu kwa wateja. "Mwanachuo huyo," akiwaambia, "lakini mtizameni, hajaacha mila." Mie nikitabasamu, huku moyoni nawaka.

Mtihani wa katikati ya muhula nikaanguka. Si kuanguka kwa kuteleza, kuanguka kwa kishindo. Nilirudi chumbani nikajifunika shuka gubigubi. Msichana wa Hail akalivuta.

"Unakwenda wapi kila Alhamisi?"

"Kwa shangazi yangu."

"Kufanya nini?"

"Kukunja sambusa."

Hakucheka. "Na mie nimeanguka," akasema. "Tuko wanne. Tunasoma kila Jumamosi Olaya, katikati ya mji, kwenye mkahawa chini ya ofisi ya kaka yangu. Ukitaka uje. Hutaki, basi, ila usinililie humu ndani."

"Silii."

"Unalia. Nakusikia."

Nikampigia baba. Akasema Riyadh mkubwa wangu ni shangazi, nimuombe yeye. Alhamisi ile nikamuomba, kwa adabu zote, nimechuchumaa mbele yake namenya vitunguu. Shangazi akaacha kukata nyama.

"Olaya? Na nani?"

"Peke yangu, shangazi. Kwa treni. Siku hizi wasichana wote wanapanda."

"Serikali imefungua," akasema. "Mimi sijafungua." Akaendelea na nyama yake.

Jumamosi kulikuwa na oda ya harusi. Nilianza kukunja baada ya sala ya alfajiri, nikakunja, sinia zikajaa meza zikajaa na kitanda cha chumba cha nyuma. Ilipofika saa nne nikaona akili yangu inafanya kitu cha ajabu: ilikuwa ikijaribu kukumbuka somo moja tu la kemia, lolote, na haikulipata. Nikaogopa kwelikweli. Nikanawa mikono, nikachukua kitabu, nikavaa abaya.

"Wapi huko?" shangazi akauliza.

"Olaya, kusoma. Nikimaliza nakwenda bwenini moja kwa moja."

"Na sambusa?"

"Nimekunja zote. Zimebaki kukaangwa."

"Nampigia baba yako."

"Mpigie, shangazi."

Maisha yangu yote sikuwahi kumjibu mkubwa namna hiyo. Nilimbusu mkono, akauacha ulegee. Nikashuka ngazi. Kwenye treni abaya yangu ilinuka vitunguu na bizari behewa zima, mama mmoja akainuka akakaa mbali. Nikabaki palepale, nikafungua kitabu.

Nisidanganye kwamba Olaya nilikuta miujiza. Tulikuwa wasichana watano na meza ndogo na kahawa za bei mbaya, tukirudia ukurasa mmoja mpaka mhudumu akatuchoka. Lakini kufikia alasiri nilikuwa nimeelewa kitu kimoja vizuri, mpaka nikamwelewesha yule wa Hail, naye akanitizama akasema, "Ulikuwa umejificha wapi?" Nikamwambia jikoni.

Alhamisi iliyofuata sikwenda Malaz. Wala ile iliyofuatia. Nilimpigia shangazi kumsalimu, hakupokea. Nilimpigia baba, akapokea, akaitikia shikamoo, akasema yuko kazini. Hakufoka hata kidogo, na baba akinyamaza ujue liko linalokuja. Nilingoja kila siku na nikasoma kila siku, na wala sikujua lipi litanifika kwanza, yeye au mtihani.

Alifika yeye. Ilikuwa mkesha wa mtihani wa mwisho wa kemia, jua lingali linawaka. Simu ikalia. "Niko langoni," baba akasema. "Shuka na mizigo yako." Alikuwa ameendesha gari kutoka Jeddah, akapitia Malaz akampakia shangazi.

Niseme kweli, nilianza kufunga. Mikono haikuniuliza. Nikatoa sanduku chini ya kitanda, nikakunja magauni, nikakunja kanga ya kusalia, nikakunja taulo lililokuwa bichi. Msichana wa Hail alikaa kitandani kwake kanitolea macho. Nikafika kwenye vitabu. Kile cha kemia, chenye doa la mafuta, kikagoma kuingia. Nilikisukuma mara mbili tatu, nikachoka, nikakaa sakafuni nacho mapajani. Hapo ndipo hasira zikanipanda, hasira safi, za kumfanya mtu akae wima.

Mlango ukagongwa. Ni yule msimamizi wa bweni, yule wa mkono. Akalitizama sanduku.

"Baba yako yuko langoni," akasema. "Zamani ningekushika mkono nikupeleke mpaka garini, hata ukilia. Siku hizi lango linafunguka kwa kadi yako mwenyewe. Unatoka?"

"Sitoki."

"Basi nitamwambia unaumwa."

"Mimi siumwi," nikasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Nikashuka mikono mitupu. Hata kadi niliiacha chumbani makusudi, nisije nikalegea nikaitumia. Msimamizi alinifuata hatua chache nyuma, sijui kwa kunilinda au kwa kuona kitakachotokea.

Baba alikuwa amesimama palepale aliponiacha mwanzo wa muhula. Kanzu yake ilikuwa imekunjamana kwa kukaa njiani, macho mekundu, na nilimhurumia. Nyuma yake gari lilikuwa linaunguruma, shangazi kakaa kiti cha mbele, uso kaugeuza upande wa pili.

"Mizigo iko wapi?" baba akauliza.

Nikapitisha mkono kati ya vyuma, nikaukamata wa kwake, nikauvuta ndani nikaubusu. Juu, kisha kiganjani, kama nilivyofundishwa na mama yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hilo lilimtoka tu. Kwetu shikamoo haikosi jibu, hata kwa mtu aliyekuja na hasira zake.

"Sitoki, baba."

Mkono wake bado ulikuwa upande wangu wa lango, nami sikuuachia.

"Nakupenda na nakuheshimu," nikamwambia, "na sitoki. Kesho nina kemia. Nimeisoma, naijua. Ukinipeleka Jeddah leo, kesho kutwa nitakuwa njiani narudi. Nifungie mlango, nitapita dirishani. Sisemi kwa utundu. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

"Umemvunjia heshima shangazi yako."

"Mtihani ukiisha nitakwenda kumbusu mkono, na mguu akitaka. Nitakaa naye mpaka anichoke. Lakini kukunja sambusa siku za masomo, halas, baba. Sikunji tena."

Shangazi aligeuza uso kidogo kwenye gari, nikajua anasikia. Nikapandisha sauti ili asikie vizuri zaidi. "Ulinileta hapa wewe mwenyewe," nikamwambia baba. "Karantina nzima ulikwenda kuwaambia binti yako anasoma Riyadh. Watakapokuuliza nimerudi kwa nini, utawaambia nini? Sambusa?"

Baba aliutizama mkono wake ulioko kwangu. Angeweza kuuvuta, mie nguvu za kumzuia sina. Hakuuvuta. Alisimama hivyo, gari linaunguruma, mlinzi anajifanya anatizama simu, msimamizi yuko nyuma yangu.

"Mtihani saa ngapi?" akauliza mwisho.

"Saa mbili asubuhi."

"Saa mbili asubuhi," akasema, sauti imeanza kuwa kali, ile sauti yake ya kawaida niliyoikosa wiki mbili. "Na mpaka sasa umesimama hapa unafanya nini?"

Nikauachia mkono. Nilipogeuka, msimamizi alinipisha njia. Nilikuwa nimefika mlangoni niliposikia shangazi akiteremsha kioo cha gari na kuuliza mizigo iko wapi.

"Ndani," baba akasema. "Pamoja na mwenyewe."