Saumu ya Jumatano

Mudathiri si mtu mdogo, muulize mwenyewe. Hapa Mtawanya wapuliziaji wa mikorosho ni wengi, lakini ukimsikiliza utadhani mikorosho yote ya Kibiti huzaa kwa idhini yake. Barakoa hataki, anasema ni ya waoga. Dawa mpya huifungua kizibo, akainusa, na isipomchoma pua huisonya.

"Dawa isiyonuka si dawa," husema. "Hayo maji ya kuoshea mchele."

Mwaka juzi dukani ikaja dawa isiyo na harufu, na fundi wetu akaona katukanwa. Akaanza kuiongezea vitu vyake. Vitu gani? Hasemi ng'o. Siri ya fundi, asije akanyang'anywa wateja! Akawa anachanganyia pale pale kwenye kisima cha bondeni, na jioni anasuuza bomba lake la kupulizia hapo hapo. Kisima hicho ndicho tunachoteka sote, mimi na watoto wangu tukiwamo.

Maji yakaanza kutoa povu. Watoto wakawa wanawashwa midomo, na Zaitun, binti yake Mudathiri mwenyewe, akatoka vipele shingo nzima. Akina mama tukapiga kelele kwenye ofisi ya kijiji mpaka wataalamu wakaja kutoka Dar kuyapima. Tulitaka kujua jambo moja tu: tuyanywe au tuyaache?

Wakaongozwa na binti mmoja anaitwa Nasma, mwenye adabu zake na sanduku la chupa. Akamuuliza Mudathiri anapuliza nini. Bwana mkubwa akatoa kopo, mkono kifuani.

"Hii tu, mwanangu. Kama ilivyoandikwa."

Na wasomi wetu wakaamini. Kumwamini Mudathiri kuhusu bomba lake ni kumkabidhi fisi zizi la mbuzi, lakini nani angewaambia? Wakaandika jina la dawa lililo kwenye kopo, wakajaza chupa, wakaondoka zao.

Waliporudi na majibu, mkutano ulikaa uwanja wa shule, siku ya Jumatano. Nasma akasoma: dawa iliyoandikwa kwenye kopo haikuonekana majini kwa kiwango cha kudhuru. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akawa anajiandaa kututangazia tuendelee kuteka, na Mudathiri, ambaye hakuna kikao kinachofungwa bila yeye kusema, akasimama kutoa shukrani. Kifua kikambana kwa maneno yake mwenyewe, akaanza kukohoa.

Mkewe Semeni akanyanyuka na kikombe cha maji. Semeni ni mpole, wengine humwita bubu, lakini macho anayo. Alikuwa ameona kwamba tangu povu lianze mumewe hagusi mtungi wa nyumbani. Yeye hunywa madafu tu, eti tumbo lake limekataa maji. Mke na watoto, matumbo yao yamekubali!

"Kunywa, baba Zaitun. Ya bondeni hayo. Si umesikia hayana kitu?"

Mudathiri akakitazama kikombe.

"Nimefunga," akasema.

"Umefunga?" Bi Thuwaiba, muuza vitumbua, akadakia. "Na vile vitano ulivyokula kwangu asubuhi? Halafu leo Jumatano, bwana! Sunna ni Jumatatu na Alhamisi, ya Jumatano umeitoa wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nasma hakucheka. Alifunga makaratasi yake, akamsogelea.

"Mzee wangu, kwenye ile dawa ulitia nini kingine?"

Mficha uchi hazai, na yule alikuwa kaficha mpaka amechoka. Akavitaja kwa sauti ya chini: mafuta ya taa ili inuke, sabuni ya unga ili ishike kwenye majani, na oili chafu ya pikipiki mvua isiioshe. Ufundi wenyewe ndio huo! Mwizi wa wateja angeiba nini hapo?

Nasma akakiri mbele yetu kwamba hivyo vyote hawakuvipima, na hata kopo lenyewe lina viyeyushi, vitu vya kuyeyushia dawa, ambavyo maandishi yake hayavitaji, navyo hawakuvitafuta. Walitafuta walichoambiwa. Nilimdharau kidogo, lakini angalau yeye alisema bila kuulizwa mara mbili.

Kisima kikafungwa siku ile ile, mpaka kipimwe upya. Sasa tunabeba ndoo kutoka bomba la barabarani, mbali, juani, huku tukimtaja Mudathiri kwa majina ambayo hapa siyaandiki.

Jioni ya Jumatano ile ile alirudi nyumbani, akakaa barazani. Nilikuwa ng'ambo ya ua, nikasikia vizuri. Akaomba maji, kwa unyonge kabisa. Semeni alikuwa ametua ndoo wakati huo huo. Akamchotea Zaitun, akajichotea na yeye, akafunika.

"Subiri adhana," akamwambia. "Si umefunga?"