Ukurasa wa Mutua Wakataa Kufunguka

Niwieni radhi kwa kimya changu kirefu. Nilikuwa nikiingoja siku ya leo.

Mutua, muuza kompyuta wa hapa Kitui, alinicheka mbele ya kamati ya kanisa nilipoonyesha ukurasa niliouunda kwa programu za bure: "Mwalimu, programu za bure ni za maskini!" Kazi ya ukurasa wa mtandao wa kanisa akapewa yeye.

Leo, siku ya kuuzindua, wageni wamekuja na kompyuta yao, yenye programu ya bure.

Mutua akaomba baraka. Tukaitikia amina. Akaufungua ukurasa wake kwenye kompyuta hiyo.

Mweupe pe!

Aliutengeneza ufunguke kwa programu anayouza yeye tu. Wangu, uliofuata kanuni za mtandao zinazokubalika na programu zote, ulifunguka mara moja.

"Mwalimu, nirekebishie," Mutua akaniomba.

"Kwanza urudie yale ya maskini, mbele ya kamati ile ile."

Mnaoona nimezidi, semeni.

Bado anafikiri. Akiamua, nitawaandikia.