Miaka Tisa kwenye Maegesho

Ukitaka kujua ni kasri gani la kaskazini mwa Italia lenye choo kinachofunguliwa kabla ya saa tatu asubuhi, mtafute Hénock Mwenze. Ukitaka kujua ndani ya kasri hilo kuna nini, usimsumbue. Kwa miaka tisa alijifanya anajua, na hilo ndilo lililomponza.

Hénock alizaliwa Likasi, akaendesha malori ya shaba kule Katanga mpaka kazi ikaisha, kisha akaja Brussels na mkewe Antoinette na binti yao Keren. Walipata nyumba Schaerbeek, ghorofa ya tatu, juu ya duka la Mturuki muuza mikate. Mwaka 2005 akaajiriwa na kampuni ndogo ya mabasi ya watalii. Abiria wake walikuwa wastaafu wa Kibelgiji, watu wapole wenye viatu vya kupandia milima ambavyo havijawahi kupanda kitu, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja: hawakutaka kwenda kunakoendwa na kila mtu. Roma walishaiona, Venisi ilishawachosha. Walitaka makasri yasiyojulikana, makanisa madogo yaliyong'ang'ania miamba, na milima. Basi Hénock aliwapakia karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, wakalala njiani usiku mmoja, na wakishafika bonde la Aosta walishinda wiki nzima wakitoka hotelini kila asubuhi kwenda kuona hiki na kile, jioni wanarudi.

Walioona ni wao. Hénock alibaki na basi. Tajiri wake alimwambia siku ya kwanza kabisa kwamba basi haliachwi peke yake, maana mwaka uliotangulia wezi walivunja kioo cha basi jingine wakaondoka na mizigo yote. Hivyo kila mahali kazi ilikuwa ile ile. Abiria wakishuka anafagia, anafuta wadudu waliogandana kwenye kioo cha mbele, anatoa taka, anavua viatu na kujinyoosha kiti cha nyuma. Milima aliiona, hilo hatumnyimi. Ila hata mlima, ukiutazama saa tatu mfululizo huku unachunga mabegi ya watu, unageuka kuwa ukuta wa jirani.

Uongo ulianza kwa nia njema. Aliporudi kutoka safari ya kwanza alimkuta Antoinette jikoni, miguu ndani ya beseni la maji moto ya chumvi. Antoinette alikuwa akisafisha ofisi karibu na Porte de Namur kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na wiki ile alikuwa amefanya pia zamu ya mwenzake aliyeugua. Alimtazama mumewe kwa furaha ya kweli, akasema, "Bon, Papa Keren, niambie. Uliona nini?"

Wewe ungejibu nini? Kwamba uliona maegesho? Hénock hakuweza. Njia nzima ya kurudi abiria walikuwa wamelizungumzia kasri la Issogne nyuma ya sikio lake, kwa hiyo akampa Antoinette kasri la Issogne. Kwa nje, alisema, ni nyumba kubwa tu isiyo na pambo lolote, unaweza kuipita. Lakini ndani uani kuna mti wa chuma umezaa makomamanga ya chuma, na maji yanatoka humo humo mtini. Na chini ya matao ukutani wamechorwa watu wa zamani madukani mwao: muuza nyama, fundi cherehani, muuza dawa, wauza mboga sokoni. Yote hayo yalikuwa kweli, isipokuwa macho yalikuwa ya watu wengine. Halafu, kwa kuwa Antoinette alikuwa ametoa miguu kwenye maji ili asikilize vizuri, Hénock akanogewa. Akaongeza ngazi za marumaru nyeupe, pana kiasi cha basi lake kupita. Hizo zilikuwa zake mwenyewe.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila aliporudi, beseni lilitoka, na yeye akasimulia. Safari hii kanisa juu ya mwamba, safari ijayo kasri kando ya ziwa. Antoinette naye hakuwa mtu wa kuficha neema. Alizisimulia hadithi hizo kwa akina mama wa parokia baada ya misa, na kadiri miaka ilivyokwenda, hapakuwa na mama aliyekuwa hajasikia habari za zile ngazi. Mume wake alikuwa mtu aliyeingia majumba ya wafalme, na alitaka ijulikane.

Mwenyekiti wa akina mama hao alikuwa Maman Bibiane, mwanamke ambaye akisema "tutafikiri" ujue keshaamua. Mapema mwaka 2014 alimshika Hénock mlangoni mwa kanisa.

"Papa Hénock, ile château yako, siye pia tunaenda kuiona. Pentecôte. Nilishaka telefonia patron yako, alors njo weye utatupeleka."

Kasri lenyewe la ngazi, tajiri wake keshapigiwa simu, na dereva ni yeye. Usiku huo alijaribu kumgeuza mkewe. "Kule kuko baridi, Maman Keren. Na ile goti yako?"

"Goti yangu itapona ikiona marbre," Antoinette akajibu, akiwaza zile ngazi za marumaru, na akaendelea kukunja nguo.

Tuseme wazi alichokiogopa. Kuchekwa na parokia kulimtisha, ndiyo, lakini kicheko huisha. Alichoogopa ni beseni. Kwa miaka tisa zile jioni za jikoni ndizo zilizokuwa zawadi pekee aliyomletea mkewe kutoka kazini, na sasa mkewe alikuwa amejiandikisha kwenda kuona kwamba zawadi ilikuwa tupu.

Waliondoka Jumamosi ya Pentekoste, akina mama arobaini na wawili na masufuria yao. Kwa kuwa hawakutaka kulala njiani, kampuni iliweka madereva wawili wapokezane. Wa pili alikuwa Lucien, mtu wa Kolwezi, rafiki wa Hénock wa gereji. Kesho yake, baada ya misa mjini Aosta, basi likasimama kwenye maegesho ya Issogne, na Maman Bibiane akachukua maikrofoni.

"Bamama, Papa Hénock njo atatutembeza mule ndani. Anaijua kama nyumba yake."

Wakapiga makofi. Hénock akasema dereva hana ruhusa ya kuacha basi.

"Enda tu, mukubwa," Lucien akasema, kwa wema wake. "Mi nitachunga."

Hapo Hénock akasema kichwa kinamuuma, na kwa kweli kilikuwa kimeanza. Antoinette alimtazama kama alivyokuwa akimtazama Keren zamani, Keren aliposema mwalimu hakutoa kazi ya nyumbani. Kisha akashuka na wenzake, wakapokelewa na binti mtembeza wageni wa kasri anayesema Kifaransa safi, kama wengi wa bonde lile. Lucien akaenda kutafuta kahawa. Hénock akafuta kioo cha mbele, akakifuta tena.

Walitoka baada ya saa nzima, wakiongea wote kwa pamoja. Mti wa chuma uliwapendeza. Muuza nyama wa ukutani walimfananisha na mmoja wa Matonge, mtaa wa Wakongo kule Brussels, anayewapunja mizani. Ngazi hakuna aliyezitaja, maana bukari, ugali wa kwao, lilikuwa linangoja, limefungwa kwenye mablanketi pamoja na sombe ya majani ya muhogo na samaki, na njaa haikumbuki marumaru. Wakatandika vitenge kwenye nyasi kando ya maegesho. Antoinette alikuja wa mwisho. Alichukua sahani mbili, akapanda basini, akaketi kiti cha kwanza nyuma ya dereva.

"Ile escalier ya marbre iko wapi?" akaziulizia zile ngazi.

Hénock alitazama chakula.

"Papa Keren, ulishaka ingia mule?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mi nabakiaka na bus."

"Na ile kanisa ya juu ya libwe?"

"Parking."

"Na ile château ya kwa lac?"

"Parking. Kule njo kulikuwaka kivuli muzuri."

Antoinette aliweka sahani kwenye kiti cha pembeni. Alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini hasira yake haikutokea mlango ambao Hénock alikuwa akiulinda.

"Neuf ans," akasema, akiihesabu ile miaka tisa, "mi napanguza chini na serpillière saa ya watu kulala. Na kila siku najisemeaka: bon, hata kama mi sioni kitu, kwetu kuko muntu moja anaona bintu bizuri. Ilikuwa inanitosha. Kumbe hakukuwaka muntu. Weye peke yako ndani ya bus, mi peke yangu ndani ya bureau." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Juu ya nini haukuniambia? Mi ningekusikilia hata ile parking."

Hénock aliona aibu, na chini ya aibu aliona kitu ambacho hakukitegemea, nafuu ya mtu anayetua mzigo alioubeba hata akasahau kuwa ni mzito.

"Vaa viatu," Antoinette akasema.

Lucien alikuwa amerudi na kahawa yake, wakamwachia basi. Antoinette alizungumza na yule binti mlangoni, nao wakaingizwa pamoja na kundi la Wafaransa. Humo ndani mwenyeji akawa Antoinette. Alimwonyesha fundi cherehani na kitambaa chake, akamwonyesha muuza dawa na vichupa vyake. Akampandisha zile ngazi zenyewe, ambazo ni za mawe na zinajisokota kama konokono, na goti likamuuma kwelikweli. Waliporudi uani Hénock alisimama mbele ya mti wa chuma, akaupima kwa macho. Kichwani mwake ulikuwa umepita paa.

"Ni kadogo," akasema.

"Ni kadogo," Antoinette akakubali. "Yako ilikuwa mukubwa."

Siri ile Antoinette hakuwafikishia akina mama. Njiani, Maman Bibiane alipouliza habari za zile ngazi za marumaru, alimjibu kwamba zimefungwa kwa matengenezo.

Mwezi Septemba Hénock alikwenda tena Italia na wastaafu wake, siku nane, basi halikuachwa peke yake. Alirudi Schaerbeek Jumapili mchana. Antoinette alikuwa jikoni, miguu ndani ya beseni. Alisogeza kiti kingine kwa mkono.

"Bon, Papa Keren," akasema. "Niambie parking."

Akamwambia. Kulikuwa na mzee anayeuza tufaha kwenye gari, mbwa mwenye mguu mmoja mbovu, na mlima wenye theluji upande wa kushoto. Antoinette alitoa miguu kwenye maji. Akauliza mbwa alikuwa wa nani, kivuli kilifika saa ngapi, na kama yeye Hénock alikuwa amekula.